Blenda Haiujui Mnazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wapishi wa biashara waliokusanyika Wete, Pemba. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya waliopata udhuru.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango: nakushukuruni kwa kunialika. Barua yenu iliniomba nizungumzie vyombo vya kisasa vya jikoni, faida zake na namna ya kuvichagua, kwa kuwa wengi wenu mmeanza kuvinunua kwa fedha za vikundi na mnataka kujua kipi kina tija na kipi kitaishia juu ya kabati kikila vumbi. Nitalizungumza hilo. Ninaomba tu ruhusa yenu nilifikie kwa njia ndefu kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu chombo cha jikoni hakipimwi kwa wepesi wake peke yake. Chombo kinapotuondolea kazi, mara nyingi huondoka pia na ule muda ambao mikono yetu ilikuwa ikikigusa chakula, ikikikagua na kukijua kilipotoka. Muda huo tusipoutafutia pahala pengine, hautarudi wenyewe.

Tuanze na nazi, maana sidhani kama yumo humu asiyekula cha tui.

Hebu nikuulizeni: ili kupata tui la sufuria moja ya wali, mama zetu walikuwa wakifanya nini? Walianza kwa kuichagua nazi, wakiitikisa sikioni ili wasikie maji yanavyocheza ndani. Waliivunja, wakayaonja maji yake, na kama yamechacha nazi ikawekwa kando. Walikaa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, wakakuna, wakatia maji ya uvuguvugu, wakakamua kwa kifumbu; tui la kwanza, lile zito, wakalihifadhi la kumalizia, la pili wakalitumia kupikia, na machicha yakawaendea kuku. Katika kazi hiyo nazi ilikaguliwa kwa sikio, kwa ulimi, kwa pua na kwa vidole kabla haijafika chunguni, na msichana aliyekuwa akisaidia alijua bila kufundishwa kwamba koroma halitoi tui la maana na kwamba dafu si la kupikia.

Nisieleweke kwamba ninaisifia taabu. Aliyewahi kukuna nazi za shughuli nzima akiwa na mimba ya miezi saba hahitaji mtu wa kumsimulia uzuri wa mbuzi. Ninaposikia watu, na mara nyingi ni wanaume, wakisema kwamba wali wa siku hizi hauna ladha kwa sababu nazi haikukunwa kwa mkono, huwa natamani wakabidhiwe mbuzi na nazi kumi, kisha tuendelee na mazungumzo baada ya magharibi. Blenda ni neema. Anayepika kwa biashara aitumie bila ya kuona haya, ila aijue: vipande vya nazi vikatwe vidogo, maji yawe ya uvuguvugu na yasipungue, na mashine ndogo ya nyumbani isiendeshwe mfululizo kana kwamba ni ya kiwandani, kwa sababu kinachoiua haraka ni mota kupata moto. Na mnaponunua, kabla ya rangi na idadi ya vikombe, ulizeni kama visu vyake na ule mpira wa chini vinapatikana kwa kubadilisha hapa hapa Wete au Chake Chake. Kama havipatikani, mmenunua chombo cha msimu mmoja.

Hayo ndiyo inayoyajua blenda. Sasa tuyatazame yale isiyoyajua.

Mnazi wetu mrefu wa asili, tangu kuatikwa hadi kuzaa, huchukua kiasi cha miaka sita hadi minane, na pengine zaidi pale ardhi ilipochoka. Ukishaanza kuzaa hutoa takriban kole moja, yaani shada moja la nazi, kila mwezi, lakini nazi yenyewe, tangu ua kukamata hadi kukomaa, inahitaji kiasi cha mwaka mzima. Kwa hiyo nazi inayosagika kwa nusu dakika jikoni mwako ilikuwa juu ya mti kabla ya Ramadhani iliyopita, na mti wenyewe aliupanda mtu ambaye huenda hakupata hata kuila nazi yake.

Niliwahi kusimama Mtambwe, hapa hapa Pemba, chini ya mnazi, pamoja na mzee mmoja mkwezi na mjukuu wake. Kijana alikuwa ameshuka anajikuna mwili mzima, kwa sababu mnazi ule ulijaa majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, na nyote mnajua majimoto wanavyouma. Alitaka kuwachoma moto. Mzee akamzuia, akamwambia: "Waache, hao ni walinzi wangu, ule mnazi wa pale usio nao, tazama vidaka vyake vilivyolala chini." Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe mzee alikuwa akieleza jambo ambalo mwanasayansi wa Kiingereza, M. J. Way, alilichunguza hapa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yuko mdudu mmoja wa jamii ya kunguni anayefyonza vidaka, yaani nazi zingali changa, zikanyauka na kupukutika. Mdudu huyo hata jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na mtafiti huyo. Majimoto wakiutawala mnazi, mdudu yule hapati nafasi. Nao majimoto wana adui wao, sisimizi wa vichwa vikubwa wanaojenga ardhini na kuwafukuza mtini. Hivyo basi, wingi wa tui katika sufuria yako unategemea, pamoja na mengine, vita vya wadudu ambavyo hujapata kuviona, na busara ya mkwezi aliyekubali kuumwa.

Ninayasema haya kwa sababu katika baadhi ya maduka yetu sasa yapo matui ya pakiti na ya makopo yaliyotengenezwa katika nchi za Asia, nayo yanauzwa katika kisiwa ambacho huwezi kutembea hatua mia bila ya kupita chini ya mnazi. Simlaumu anayenunua, maana ana haraka zake. Ninachouliza ni hiki: wanunuzi wa tui wakimkimbilia mwenye pakiti, nani atampa mjukuu wa yule mzee sababu ya kuendelea kukwea? Na asipokwea yeye, nani atapanda mnazi mpya wa kusubiri miaka minane?

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa naomba nivuke bahari kidogo niende Unguja, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo la pili.

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu. Umeme wake ulikuwa ukitoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hitilafu ilipotokea upande wa Fumba, kisiwa chote kikazimika. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mwezi Mei 2008, kilikuwa kimeshazimika kwa karibu mwezi mzima. Sisi Pemba wakati huo tulikuwa na mashine zetu za dizeli pale Wesha, na pengine baadhi yetu tulijiona bora. Waya wetu kutoka upande wa Tanga ulifika mwaka huo huo wa 2010.

Mimi nilikuwa nikiishi Kikwajuni, mjini Unguja. Katika wiki ya kwanza watu walikula vizuri kupita kiasi, kwa sababu kila mwenye friza alikuwa anapika kila kilichokuwemo kabla hakijaharibika na kuwagawia majirani. Baada ya hapo tukaanza kuelewa. Pampu za maji zilisimama, kwa hiyo ndoo zikarudi vichwani. Barafu ikawa ghali, kwa hiyo samaki aliyeshuka Malindi, bandarini Unguja, asubuhi alitakiwa aliwe siku hiyo au akaangwe, atiwe chumvi, aanikwe. Blenda zilikaa kimya. Katika mtaa wetu ziligunduliwa mbuzi mbili tu zilizokuwa bado nzima, na moja ilikuwa ya bi mkubwa mmoja aliyekuwa akiitumia kama kigoda cha kukalia akifua. Jioni wasichana walipanga foleni uani kwake. Naye, kwa kuwa ilikuwa mbuzi yake, alijipa madaraka: kila nazi lazima aitikise kwanza mwenyewe, na akiikataa, haikuniwi pale. Wapo waliokasirika. Lakini nakumbuka kwamba kabla ya umeme kurudi wale wasichana walikuwa wakizikataa wenyewe nazi mbovu sokoni Darajani, na wauzaji wakawa hawawawezi.

Ni kweli kwamba hali imebadilika tangu wakati ule. Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Umeme wa Bara unaotufikia sasa unatoka kwenye gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, na kwenye maji, likiwemo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini litazameni jambo lenyewe: mama anayesaga nazi ya Pemba hapa Wete anaisaga kwa nguvu ya mto Rufiji na gesi ya pwani ya kusini, iliyopita kwenye waya chini ya mkondo wa Pemba. Hilo si dogo. Tunapouliza chakula chetu kinatoka wapi, na moto wa kukipikia nao umo katika swali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wapishi wa biashara ni kwamba nunueni mashine, lakini mbuzi, ungo, kinu na mchi visiuzwe wala visifanywe mapambo ya kuonyesha watalii. Na awepo katika kila nyumba angalau kijana mmoja, wa kike au wa kiume, anayejua kuvitumia. Nimesema wa kiume makusudi.

Sasa mchele. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Katika darasa la watu wazima ninalolisaidia, niliwaomba wanafunzi kila mmoja aje na polo tupu la mchele alioupika wiki ile. Wakaja nayo, tukayatandika sakafuni. Polo hili limeandikwa Pakistan, lile India, lile Thailand, hili la Mbeya. Mama mmoja akaja mikono mitupu, akaketi pembeni, na alipoulizwa akasema kwa sauti ya chini kwamba wao hawanunui mchele wa polo, wanakula wa bondeni kwao. Wenzake wakacheka. Nikamwomba atueleze, akaanza kwa aibu, kisha akanogewa. Alieleza namna wanavyopanda mvua zikianza, wanavyopalilia, watoto wanavyolinda ndege, wanavyovuna kwa kisu shuke moja moja, wanavyopura na kupepeta. Akaeleza pia kwamba bonde lao liko karibu na mikoko, na kwamba sehemu ya chini hawailimi tena kwa sababu maji ya chumvi yamepanda, na mpunga hauvumilii chumvi. Mwisho wa kipindi waliokuwa wakicheka walikuwa wakimuuliza kama anao wa kuuza.

Ndugu zangu, kwa nini tuone haya kula mchele wetu? Kisiwa hiki kilikuwa ghala. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi kaskazini mwa Pemba, pale Tumbe na Chwaka, walikusanya mbegu zilizoungua motoni zikabakia udongoni. Katika mji wa zamani zaidi wa Tumbe, uliokaliwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nafaka kubwa ilikuwa ni uwele, na mchele ulikuwepo kwa uchache. Katika mji wa Chwaka uliofuatia, kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Yaani wazee wetu waliuchagua mchele wenyewe, wakaulima wenyewe, wakaufanya chakula cha heshima. Wareno walipoishika Mombasa, askari wa ngome yao walikuwa wakitegemea chakula cha Pemba. Kisha ikaja karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, bei ikapanda, na vilima vyetu vikapandwa mikarafuu. Karafuu ikaleta fedha, na fedha ikanunua mchele wa meli.

Na mchele wa meli unategemea bahari iwe salama na mwenye mchele awe radhi. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Burma, ambayo leo ni Myanmar, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na visiwa hivi vikalazimika kurudi kwa muhogo na nafaka za shambani. Hilo ni la zamani? Basi lichukueni la Julai 2023, pale India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati ili iwatosheleze watu wake kwanza, na bei ikapanda katika masoko ya dunia. India haikufanya kosa lolote, ilijitazama. Na sisi tunajitazama?

Kila mwisho wa Ramadhani tunapima pishi ya fitri, vibaba vinne, na masheikhe wetu wanatufundisha kwamba itolewe katika chakula kikuu cha watu wa mji. Nasi tunatoa mchele. Sina neno juu ya hukumu hiyo, na wapo humu wanaoijua kuliko mimi. Lakini kila nikipima, najiuliza: chakula hiki kikuu cha watu wa mji wetu, sehemu yake kubwa inalimwa katika mji wa nani?

Mtaniuliza, mwalimu, na lile jiko la umeme la kupikia wali, ni zuri? Ni zuri sana. Haliunguzi, halihitaji mtu kusimama, na kwa mama anayerudi kazini jioni ni msaada mkubwa. Lakini mengi yametengenezwa na kupimwa kwa mchele wa dukani, mkavu na safi, na mchele mpya wa bondeni unataka maji pungufu. Basi upimeni wenyewe, msiufuate mstari uliochorwa ndani ya sufuria. Na msiache kuuchagua kwenye ungo. Mtoto akae nao magotini, aone chuya, aone kijiwe, aulize kimeingiaje.

La mkaa nitalipitia haraka, kwa kuwa wakati umekwenda. Mnajua mikoko inavyokatwa, mnajua misitu ya maweni inavyokwisha, na serikali ya Muungano imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mtungi wa gesi ni safi jikoni, lakini nao unakuja kwa meli. Kwa maoni yangu, kama kikundi kina fedha za chombo kimoja tu, kianze na sufuria la presha, kabla ya blenda na kabla ya friza. Ndani yake maji hufikia nyuzi 115 au hata 120 badala ya kuchemka kwenye 100, kwa hiyo mbaazi na maharage yanaiva kwa sehemu ndogo ya muda na ya moto. Kagueni mpira wa mfuniko, msijaze kupita alama, na asilifungue mtu kabla presha haijashuka. Na zaidi ya yote, sufuria hilo linakurudisheni kwenye mbaazi, choroko na kunde, vitu vinavyoota hapa hapa bila ya meli.

Yule mama wa bondeni amekubali kutupokea wakati wa mavuno. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu kabla hawajatoka, waeleze kama wanakuja na watoto, na kila mtu achukue kisu chake na ungo wake, kwa sababu mwenyeji hana vya kutosha wageni wote. Mchele atakaokuwa nao wa kuuza mtaununua kwake kwa bei yake, na naomba pasiwe na mtu wa kumshusha.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.